Nani Anahesabiwa? Wasichana, Hedhi na Utafiti wa PCOS

Mwishoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakiomba kazi katika chuo kikuu mjini Birmingham, jimbo la Alabama nchini Marekani, walipitia uchunguzi wa afya ambao kila mwajiriwa mpya alitakiwa kuupitia. Daktari Ricardo Azziz na wenzake waliitumia nafasi hiyo. Kila aliyekubali aliulizwa hedhi yake huja baada ya siku ngapi, akatazamwa nywele zimeota wapi mwilini, na wenye dalili wakapimwa damu. Walishiriki wanawake 400. Walichokifuata pale ni ajira, si matibabu ya hedhi. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha kwamba asilimia 6.6 kati yao walikuwa na sindromu ya ovari zenye vifuko vingi, ambayo kliniki nyingi, hata za kwetu, huiita kwa herufi tu: PCOS.

Mwaka 2013 watafiti wa kundi hilohilo walichapisha kazi nyingine. Waliwaweka upande mmoja wanawake wenye PCOS waliogunduliwa kwenye uchunguzi wa ajira, na upande wa pili wale waliokuja kliniki kutafuta tiba. Wa kliniki walikuwa wanene zaidi, nywele za usoni na mwilini zilikuwa nyingi zaidi, na hali yao kwa jumla ilikuwa kali zaidi. Wale wa ajira, kwa uzito, hawakutofautiana sana na wanawake wengine wa eneo lao wasio na tatizo lolote. Kwa miongo mingi vitabu vya tiba vilikuwa vimemchora mgonjwa wa PCOS kama mwanamke mnene mwenye ndevu. Mwanamke huyo yupo kweli. Lakini ndiye aliyekuwa na sababu ya kwenda hospitali, na nauli, na mtu wa kumwelekeza. Ukisimama kwenye lango la hospitali ukahesabu wapitao, utaandika kwamba mji mzima unaumwa.

Naiona kazi hiyo kuwa ugunduzi mkubwa, ingawa haikuleta dawa wala mashine mpya. Ilionyesha kwamba sura ya ugonjwa huu hutegemea watafiti wamewapata wapi watu wao. Na kama ni hivyo kwa wanawake wazima, basi kwa wasichana wa miaka 13, 15 au 17 jambo hili ni zito mara nyingi zaidi, kwa sababu mwili wa msichana anayekua hufanana na PCOS hata pale ambapo ugonjwa haupo.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Ovari ya kila mwanamke hutengeneza kiasi kidogo cha androjeni, zile zinazoitwa homoni za kiume. Katika PCOS kiasi hicho hupanda. Mara nyingi insulini nayo huwa nyingi mwilini kwa sababu misuli na ini haviitikii vizuri, na insulini hiyo huichochea ovari kutengeneza androjeni zaidi. Vijifuko vya mayai huanza kukua, kisha huishia njiani. Yai halipevuki, hedhi inachelewa au inapotea. Chunusi kali hutokea, ndevu huota kidevuni, na baadaye maishani hatari ya kisukari huongezeka. Kile ambacho watu mtaani hukiita vimbe kwenye mayai si vimbe hasa. Ni vijifuko vya kawaida vilivyosimama kukua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wanawake 10 hadi 13 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana hali hii, na kwamba hadi 70 katika kila 100 wenye nayo hawajui.

Hali hii ilielezwa mwaka 1935 na madaktari wawili wa Chicago, Irving Stein na Michael Leventhal, kwa kuwatazama wanawake saba. Saba tu, na wote walikuwa wamefika kwa daktari. Mwaka 1990 wataalamu walikutana Marekani wakakubaliana vigezo, zaidi kwa kupima maoni ya waliohudhuria kuliko kwa majaribio. Mwaka 2003 mkutano wa Rotterdam, Uholanzi, ukapanua mlango: mwanamke ahesabiwe kuwa na PCOS akiwa na mambo mawili kati ya matatu, yaani hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha androjeni nyingi, na ovari zinazoonekana kwenye ultrasaundi kuwa na vijifuko vingi.

Chukua sasa vigezo hivyo uviweke juu ya msichana wa kidato cha pili. Hedhi isiyo na mpangilio? Ni kawaida ya umri wake. Katika uchunguzi wa wasichana wa Finland uliofanywa na Dan Apter na wenzake miaka ya 1970 na 1980, takribani mizunguko 85 kati ya 100 ya mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo ilipita bila yai kupevuka, na hata mwaka wa sita robo ya mizunguko ilikuwa bado hivyo. Chunusi? Tazama darasa zima. Ovari zenye vijifuko vingi? Hapo ndipo kazi ya Perth, magharibi mwa Australia, inapostahili kuelezwa kwa utulivu.

Kati ya mwaka 1989 na 1991, karibu wajawazito 2,900 waliandikishwa Perth katika utafiti unaojulikana kama Raine, na watoto waliozaliwa wakaendelea kufuatiliwa mwaka hadi mwaka. Mabinti wa kundi hilo walipofika umri wa miaka 14 hadi 17, Martha Hickey na wenzake waliwaalika kwa uchunguzi wa hedhi, homoni na ovari. Angalia walivyopatikana: hawakuchaguliwa kwa kuwa na chunusi, wala kwa kuwa mama zao walikuwa na wasiwasi. Walichaguliwa kwa kuwa walizaliwa. Walikubali kuja 244, na vipimo vikapangwa siku za mwanzo za hedhi, kwa sababu homoni hubadilika kadiri mwezi unavyosonga. Takribani theluthi ya waliopigwa ultrasaundi walikuwa na ovari zenye sura ileile ambayo kwa mwanamke mzima ingehesabiwa kuwa dalili ya ugonjwa. Theluthi ya mabinti wa kawaida, waliotoka nyumba za kawaida! Kama kila mmoja wao angepewa jina la mgonjwa, kosa lisingekuwa la mashine. Mashine iliona sawasawa. Kosa lingekuwa la kutumia kipimo cha mama kwa mtoto.

Ushahidi wa namna hiyo ndio uliobadilisha kanuni. Mwongozo wa kimataifa uliotolewa mwaka 2018 na kuhuishwa mwaka 2023, chini ya uongozi wa Profesa Helena Teede wa Chuo Kikuu cha Monash mjini Melbourne, unasema kwamba msichana hahesabiwi kuwa na PCOS mpaka awe na mambo mawili kwa pamoja: hedhi iliyovurugika kulingana na hatua yake, na androjeni nyingi. Ultrasaundi haitumiki kumtambua kabla miaka minane haijapita tangu avunje ungo. Kipimo kipya cha damu cha homoni inayoitwa AMH, ambacho kwa wanawake wazima sasa kinaweza kuchukua nafasi ya ultrasaundi, kwa wasichana kimekataliwa vilevile.

Maneno "kulingana na hatua yake" yana uzito wake, nami ningependa kila mzazi ayaelewe, kwa sababu yanahusu nyumba yake hata kama hatakutana na mtafiti maisha yake yote. Mwaka wa kwanza tangu kuvunja ungo, hedhi kuruka-ruka ni kawaida. Kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa tatu, mzunguko unahesabiwa kuwa umevurugika ukiwa chini ya siku 21 au ukizidi siku 45. Baada ya miaka mitatu kikomo cha juu kinashuka hadi siku 35. Ukishapita mwaka mmoja, mzunguko hata mmoja tu unaozidi siku 90 ni wa kuchunguzwa, na binti aliyefika miaka 15 bila kuona damu naye achunguzwe.

Fikiria basi mabinti wawili wanaokaa dawati moja, wote wana miaka 15, wote hedhi yao huja kila baada ya siku 40. Mmoja alivunja ungo akiwa na miaka 11, mwenzake akiwa na miaka 13 na nusu. Wa kwanza ana hedhi iliyovurugika. Wa pili yuko sawa kabisa. Mtafiti anayeandika kwenye mpango wake "wasichana wa miaka 13 hadi 18" bila kuuliza walivunja ungo lini, amewachanganya walio na ugonjwa na wanaokua tu, na hesabu atakayoitoa haitaponya mtu. Swali la kwanza kwenye dodoso lake halipaswi kuwa umri. Liwe: ulivunja ungo lini? Na jibu lake halitoki kirahisi. Wengi hukumbuka darasa walilokuwamo, si mwezi. Huku kwetu pwani, pale ambapo bado yupo somo au kungwi aliyempokea binti, huyo anaweza kukumbuka kuliko mama mzazi, na mtafiti mwenye busara angemtafuta.

Baada ya hapo huja kazi ya kuwatoa wasiofaa kuhesabiwa, na ni kazi yenye aibu nyingi ndani yake. Hedhi hupotea kwa sababu nyingine: tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, prolaktini iliyopanda, kasoro ya kurithi ya tezi zilizo juu ya figo, uvimbe unaotoa homoni. Hupotea pia kwa njaa, kwa msongo, na kwa mazoezi makali ya msichana anayekimbia mbio ndefu huku akila kidogo. Hupotea kwa ujauzito. Na hubadilika kabisa kwa vidonge, sindano au kijiti cha uzazi wa mpango. Kwa hiyo kila mshiriki hupimwa damu na mkojo, na huulizwa maswali ambayo hakuna binti atakayeyajibu kweli akiwa amekaa kando ya baba yake. Msichana anayetumia kijiti kwa siri atasema hatumii, ataingizwa kwenye utafiti, na hedhi yake iliyokauka itaandikwa kuwa ni ugonjwa. Hapo usiri, pamoja na kuwa heshima kwa mtoto, ni sharti la ukweli wa matokeo.

Nywele nazo zina hesabu yake. Mwaka 1961 madaktari wa Uingereza, David Ferriman na J. D. Gallwey, walitengeneza njia ya kuzipima kwa macho. Siku hizi hutazamwa sehemu tisa za mwili, kuanzia mdomo wa juu na kidevu hadi tumbo, mgongo na mapaja, kila moja ikipewa alama 0 hadi 4. Mwongozo wa sasa unahesabu kuanzia alama 4 hadi 6, kutegemea asili ya watu, kwa maana malaika ya mwili hayafanani kati ya jamii na jamii. Kwa msichana pana matatizo mawili. Nywele hizo huchukua miaka kuota, hivyo aliye na androjeni nyingi leo huenda kidevu chake bado ni laini. Na yule zilizomwota hazionekani, kwa kuwa jana yake amezitoa kwa wembe, uzi au nta, tena kwa uchungu wa kuchekwa. Anayepima lazima aulize kwanza, kwa upole, tena awe mwanamke.

Damu yenyewe inadai uangalifu. Testosteroni ya msichana ni kidogo sana ukilinganisha na ya mvulana, na vipimo vingi vya kawaida vya maabara hukosea katika viwango vya chini kiasi hicho. Njia inayopendekezwa hutumia mashine ghali inayotenganisha molekuli kwa uzito wake. Nchi nyingi zina mashine hizo chache, na pasipo mashine utafiti huishia kutegemea nywele na kalenda.

Sasa turudi kwenye swali la wapi wapatikane. India imefanya kazi ya kutosha kutufundisha. Mwaka 2011 Ram Nidhi na wenzake walichapisha uchunguzi wa wasichana 460 wa miaka 15 hadi 18 wanaoishi kwenye chuo cha bweni huko Anantapur, jimbo la Andhra Pradesh, wakakuta PCOS kwa asilimia 9.13, kwa vigezo vya Rotterdam. Marekani, mwaka 2013, watafiti walipitia kumbukumbu za wasichana zaidi ya 137,000 wa miaka 15 hadi 19 waliohudumiwa na mfumo mmoja wa afya kusini mwa California. Waliokuwa wameandikiwa ugonjwa huu walikuwa asilimia 0.56 tu; walipoongezwa wenye dalili ambao hawakuandikiwa, ikafika asilimia 1.14. Nani atasema kwamba wasichana wa India wanaumwa mara nane kuliko wa California? Upande mmoja mtafiti alikwenda bwenini akamtazama kila msichana, kwa vigezo vilivyohesabu na ultrasaundi. Upande wa pili alisoma faili za waliokwenda kwa daktari, na daktari akakumbuka kuandika. Kuna tofauti nyingine za kweli kati ya sehemu hizo mbili, sikatai, lakini asiyetazama njia ya kuwapata washiriki hana haki ya kulinganisha namba hizo.

Bweni lina faida yake. Wasichana hula chakula kimoja, hulala na kuamka pamoja, na hawapotei katikati ya jaribio. Ndiyo sababu watafiti haohao waliweza kulinganisha huko Anantapur mazoezi ya yoga na mazoezi ya kawaida kwa wiki 12. Lakini bweni halina msichana aliyeacha shule. Kwetu hilo si jambo dogo. Nchini Tanzania, hadi serikali ilipobadili msimamo Novemba 2021, msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi kwenye shule ya kawaida ya serikali. Sampuli yoyote iliyochukuliwa darasani kabla ya hapo ilikuwa imeshawaacha nje hao, pamoja na walioolewa mapema na wanaofanya kazi za ndani majumbani mwa watu. Msichana wa kazi mwenye hedhi inayopotea miezi minne haendi kliniki wala hayumo darasani. Atapatikana kwa kugonga mlango, na kwa kumwomba mwajiri wake atoke kidogo wazungumze naye peke yake.

Sehemu kubwa ya tunachokijua hapa nyumbani imetoka kliniki za wanawake wanaotafuta mtoto. Watafiti wa Muhimbili, Andrea Pembe na mwenzake, walichapisha mwaka 2009 kazi kuhusu wanawake waliofika hospitalini hapo kwa kukosa ujauzito, na karibu theluthi yao walikuwa na ovari za namna hii. Ni kazi muhimu na inaonyesha ukubwa wa jambo. Lakini mwanamke huyo alikuwa msichana miaka 10 au 15 kabla ya siku hiyo. Dalili zilikuwapo, na hakuna aliyemwuliza.

Lipo pia suala la jina. Mwaka 2003 Maria Trent na wenzake mjini Boston walionyesha kwamba wasichana walioambiwa wana PCOS walikuwa na wasiwasi wa kutoweza kuzaa zaidi ya mara tatu kuliko wenzao. Wengi wenye hali hii huzaa, wengine kwa msaada mdogo wa dawa. Katika jamii ambayo mwali hupimwa kwa uzazi, karatasi iliyoandikwa PCOS ikionekana na mtu wa posa inaweza kuharibu ndoa ambayo bado haijafungwa. Kwa hiyo naamini mtafiti anayekwenda shuleni lazima aamue kabla ya kwenda: nani ataambiwa nini, kwa maneno gani, na binti ataelekezwa kwa daktari yupi. Kumpima mtoto kisha kumwachia neno la kutisha ni kumdhuru.

Mzazi anayeletewa fomu ya ridhaa ana haki ya kuuliza hayo yote kabla ya kutia saini. Mshiriki aliye chini ya miaka 18 huhitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na yeye mwenyewe pia akubali; akikataa, saini ya baba haimlazimishi. Aulize kama utafiti umepitishwa na kamati ya maadili, ambayo kwa Tanzania huratibiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Aulize kama kuna ultrasaundi na ya aina gani: kwa msichana ambaye hajaanza kujamiiana, kifaa hupitishwa juu ya tumbo tu, kibofu kikiwa kimejaa, na hilo liandikwe wazi kwenye fomu. Aulize majibu ya mkojo ataonyeshwa nani.

Msichana mwenye jambo moja tu kati ya yale mawili, yaani hedhi iliyovurugika au androjeni nyingi, mwongozo unamweka kwenye kundi la walio hatarini, na unataka aangaliwe tena kufikia mwaka wa nane tangu avunje ungo. Aliyevunja ungo na miaka 13 atatafutwa akiwa na 21. Kufikia hapo amemaliza shule, pengine ameolewa, amehama Newala amekwenda Dar es Salaam, na namba ya simu aliyoandika siku ya kwanza inatumiwa na mtu mwingine. Perth waliwafuata mabinti wao tangu tumboni kwa sababu walikuwa na daftari na fedha za kuliendeleza. Kwetu anayejua alipo binti ni shangazi, bibi, au mjumbe wa mtaa. Fomu ya siku ya kwanza iwe na nafasi ya majina ya watu wawili wa namna hiyo, yaliyotolewa na binti mwenyewe, na bajeti iwe na nauli ya kumfuata.